Ngome ya Richard Juu ya Mto Seine

Kati ya Paris na Rouen, mto Seine hauendi moja kwa moja. Hujikunja huku na huku ndani ya bonde pana. Kwenye mojawapo ya mikunjo hiyo, juu ya mji mdogo wa Les Andelys, kuna jabali jeupe la chokaa, takriban mita 90 juu ya maji. Magofu ya Château Gaillard yako juu ya jabali hilo. Njia ya miguu inapanda kutoka Petit Andely, mtaa ulio ukingoni mwa mto, na anayeifuata hufika juu akihema. Akigeuka nyuma anaona kila chombo kinachopita mtoni, kiwe kinatoka Paris au kinakuja kutoka baharini. Hapo anaelewa kwa nini mfalme mmoja alikuwa radhi kuvunja mkataba na kugombana na kanisa ili alipate jabali hili.

Ngome ilijengwa kwa takriban miaka miwili tu, 1196 hadi 1198, na ilikuwa miongoni mwa ngome imara kuliko zote katika Ulaya ya wakati wake. Hata hivyo, Machi 1204, kabla haijatimiza miaka sita tangu ikamilike, ilikuwa mikononi mwa adui yule yule ambaye ilijengwa kumzuia. Kuta zinatoa nusu ya maelezo. Nusu nyingine iko nje ya kuta: mtoni, katika mji wa chini, na kwa mfalme aliyepaswa kuja kuiokoa.

Mpaka usiotulia, 911–1194

Mwaka 911 mfalme wa Wafaranki alimpa Rollo, kiongozi wa Waviking, ardhi kuzunguka Rouen ili akome kuivamia nchi. Wazao wake wakawa watawala wa Normandy, na mwaka 1066 mmoja wao, William, alivuka bahari akaitwaa Uingereza. Tangu hapo mtu mmoja alikuwa na sura mbili: ng'ambo ya bahari alikuwa mfalme kamili, lakini Normandy alikuwa kabaila aliyepaswa kupiga magoti mbele ya mfalme wa Ufaransa. Hali hiyo haikuweza kuzaa amani ya kudumu.

Baada ya 1154 mambo yalizidi kuwa magumu. Henry II, mfalme mpya wa Uingereza, alishika pia Normandy na Anjou, na kwa ndoa yake akapata Aquitaine. Utawala wake ulianzia mpaka wa Uskoti ukafika karibu na milima ya Pyrenees, ilhali mfalme wa Ufaransa, bwana wake kwa jina, alitawala moja kwa moja eneo dogo kuzunguka Paris. Sehemu nyeti kuliko zote ilikuwa Vexin, nchi ya mashamba kati ya Paris na Rouen, iliyogawanywa na mto Epte. Aliyeshika ngome ya Gisors ukingoni mwa mto huo alishika mlango wa Normandy.

Mwaka 1190 Richard, mwana wa Henry aliyemrithi, na Philip II wa Ufaransa walikwenda pamoja katika Vita vya Msalaba. Baada ya mji wa Akka kuanguka mwaka 1191, Philip alirudi nyumbani. Richard alibaki kupigana na Salahuddin, na aliporejea kwa njia ya nchi kavu alikamatwa karibu na Vienna, Desemba 1192. Kaisari wa Ujerumani alidai mark 150,000 za fedha ili amwachie. Wakati Waingereza wakikamuliwa kodi na makanisa yakitoa vyombo vyake vya fedha, Philip aliichukua Gisors na sehemu kubwa ya Vexin. Richard alipoachiwa Februari 1194, Rouen ilikuwa haina tena ngao upande wa Paris.

Jabali la askofu, 1196–1197

Richard alipigana miaka miwili kurudisha alichopoteza, lakini Gisors haikurudi. Januari 1196 wafalme hao wawili walitia saini mkataba. Kipengele kimoja kilihusu Andely: mji huo, uliokuwa mali ya Askofu Mkuu wa Rouen, usijengewe ngome na upande wowote. Kipengele hicho peke yake kinatosha kuonyesha kwamba kila upande ulijua thamani ya jabali lile.

Katika mwaka huo huo Richard aliikalia Andely na kuanza kuchimba misingi. Askofu Mkuu, Walter wa Coutances, alikuwa mtumishi wa muda mrefu wa ukoo wa kifalme, na aliwahi kuisimamia Uingereza Richard akiwa safarini. Utumishi huo haukumzuia kutetea mali yake. Andely ilimpatia kipato kikubwa kutokana na ushuru wa vyombo vilivyopita mtoni. Aliifungia Normandy yote huduma za kanisa, na mwandishi mmoja wa wakati huo anasimulia kwamba maiti zililala mitaani bila kuzikwa. Askofu akaondoka kwenda Roma kushtaki. Richard naye akatuma wajumbe wake huko huko.

Papa Celestine III aliiondoa marufuku hiyo Aprili 1197, na Oktoba mwaka huo suluhu ikaandikwa. Richard alipata Andely. Askofu alipata bandari ya Dieppe, mji wa Louviers na mali nyingine, na watu wengi wanaona kwamba kwa hesabu ya fedha aliyeshinda ni askofu. Richard hakujali. Katika muda wote wa kesi hiyo, ujenzi haukusimama hata kidogo.

Ngome ndani ya ngome, 1196–1198

Vitabu vya hesabu vya Normandy vya mwaka 1198 bado vipo, na vinataja waliolipwa: wachimba mawe, waashi, maseremala, wahunzi, wachimba mahandaki, wabeba maji, waendesha mikokoteni, na askari wa kuwalinda wote hao. Wanahistoria hukadiria gharama kuwa kama pauni 12,000. Kwa kulinganisha, ngome zote za Uingereza kwa miaka kumi ya utawala wa Richard zilitumia takriban pauni 7,000. Hesabu hizo hazimtaji fundi mkuu hata mmoja. Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa mfalme alikuwa akifika mara kwa mara, wengi wanaamini kwamba Richard mwenyewe ndiye aliyechora mpango.

Mgeni anayefika leo kwa upande wa kusini anaupata mpango huo kwa mfuatano ambao adui angeupata. Jabali limezungukwa na mteremko mkali pande nyingi, isipokuwa kusini, ambako shingo nyembamba ya ardhi inaliunganisha na kilima cha jirani. Mbele ya shingo hiyo Richard aliweka ua wa kwanza wenye umbo la pembetatu, ncha yake ikimwelekea anayeshambulia. Nyuma yake kulikuwa na handaki lililokatwa katika mwamba, kisha ua wa kati. Ndani ya ua wa kati palikuwa na handaki jingine, na ndani yake ngome ya mwisho, ambamo mnara mkuu ulisimama pembeni, juu ya genge. Adui alipaswa kushinda vita vitatu mfululizo, na kila kimoja kikianza upya.

Ukuta wa ngome ya ndani ndio huwafanya wasanifu wasimame. Hauna sehemu bapa. Umejengwa kwa mfululizo wa mibenuko ya nusu duara iliyoshikana, hivi kwamba jiwe lililorushwa na mtambo haligongi uso ulionyooka, na mlinzi aliye juu anaweza kupiga mishale pembeni bila kuacha mahali ambapo adui angejificha. Mnara mkuu nao una upande mmoja mnene uliochongoka kuelekea ndani ya ua, na juu yake palikuwa na matundu ya kudondoshea mawe, mbinu iliyokuwa ngeni Ulaya ya magharibi. Huenda Richard aliiona katika ngome za Palestina na Syria.

Jabali lilikuwa kichwa tu cha mwili mkubwa zaidi. Chini yake Richard alijenga mji mpya wenye kuta, ambao ndio Petit Andely ya leo. Kisiwa cha katikati ya mto kilipewa ngome ndogo na daraja, na safu za magogo ziliuziba mto. Chakula, silaha na askari wa akiba vilitarajiwa kuja kutoka Rouen kwa maji. Anayetaka kuielewa Château Gaillard inampasa atazame chini mtoni kama anavyotazama juu.

Kuna kisa kilichoandikwa na Gerald wa Wales kwamba Philip alijigamba angeitwaa ngome hiyo hata kama kuta zake zingekuwa za chuma, na Richard akajibu kwamba angeilinda hata kama zingekuwa za siagi. Lililo hakika ni kwamba Philip hakujaribu kuizingira Richard alipokuwa hai.

Kutoka Richard hadi John, 1199–1203

Machi 1199 Richard alikuwa mbali kusini, akizingira ngome ndogo ya Châlus. Alipigwa mshale begani, jeraha likaoza, na tarehe 6 Aprili akafariki. Hakuacha mtoto wa ndoa. Kiti kilikwenda kwa mdogo wake John, ingawa wengi huko Anjou na Brittany walimtaka Arthur, mpwa kijana wa Richard na John.

John alipoteza watu kabla ya kupoteza ngome. Mwaka 1200 alimwoa Isabella wa Angoulême, binti aliyekuwa ameposwa na mwana wa ukoo wenye nguvu wa Lusignan, na hakuwapa fidia. Walimshtaki kwa Philip, aliyekuwa bwana wa John kwa ardhi za Ufaransa. John hakutokea barazani, na mwaka 1202 ardhi hizo zikatangazwa kuwa zimetwaliwa. Miaka yote ile ya kupiga magoti sasa ilikuwa imempa mfalme wa Ufaransa hoja ya kisheria ya kuingia vitani.

Agosti 1202 John alimkamata Arthur huko Mirebeau, ushindi ambao ungeweza kumwokoa. Lakini mwaka uliofuata kijana huyo alitoweka akiwa kifungoni, na uvumi kwamba ameuawa ukaenea kila mahali. Makabaila wa Brittany, Anjou na hata Normandy walianza kumhama John mmoja mmoja. Philip alipoteremka kwenye bonde la Seine kiangazi cha 1203, ngome kadhaa zilimfungulia milango bila vita.

Mzingiro, Agosti 1203 – Machi 1204

Château Gaillard haikufungua. Kamanda wake, Roger de Lacy, alikuwa kabaila wa Uingereza mwenye sifa ya ukali na uaminifu. Philip alianza na mto. Watu wake walikata safu za magogo, wakajenga daraja la mashua, na kukitenga kisiwa na ukingo.

John alituma msaada usiku. Mpango ulikuwa mzuri: kikosi cha nchi kavu chini ya William Marshal kishambulie kambi ya Wafaransa gizani, na wakati huo huo mashua zilizojaa chakula na askari zipande mto na kulivunja daraja. Waliopanga walikosea hesabu ya mkondo wa maji. Kikosi cha William kilifika kikawatia Wafaransa kiwewe, lakini mashua hazikuonekana. Wafaransa wakajikusanya na kukirudisha nyuma kikosi hicho. Mashua zilipofika, kumekucha, zilikuta adui yuko tayari darajani. Baada ya hapo mtu mmoja aliyeitwa Gaubert aliogelea akiwa na vyungu vya moto na kuliunguza boma la mbao la kisiwani. Kisiwa kilianguka, na mji wa chini ukafuata.

Wakazi wa mji walikimbilia juu. Ngome iliyopangiwa askari wachache ikajikuta na raia zaidi ya elfu moja wanaohitaji kula. De Lacy alipiga hesabu ya ghala na kuanza kuwatoa. Makundi ya kwanza yaliachwa yapite. Philip alipojua, alikataza: kadiri vinywa vilivyokuwa vingi ndani, ndivyo ngome ingeanguka mapema. Kundi la mwisho, watu mia kadhaa, lilirudishwa kwa mishale ya Wafaransa na kukuta lango la ngome limefungwa. Walikaa majira ya baridi kwenye miteremko kati ya majeshi mawili, wakila majani na mbwa waliofukuzwa ngomeni. Guillaume le Breton, kasisi wa Philip aliyeandika habari za vita hivyo, hafichi unyama wa jambo hilo. Wengi walikufa. Waliosalia waliokolewa Philip aliporudi kambini na kuamuru wapewe chakula. Mwinuko wa kijani ambao leo watalii hupigia picha ndipo watu hao walipokufa njaa.

Desemba 1203 John alipanda meli kurudi Uingereza. Ndani ya ngome walikuwa bado na chakula, na kuta zilikuwa nzima. Lakini hapakuwa tena na jeshi la kuwaokoa, na tangu siku hiyo kazi ya kuta ilikuwa kuchelewesha tu.

Mashambulizi makubwa yalianza Februari 1204, na yalifuata njia ile ile ambayo mgeni huipita. Wafaransa walijaza handaki la mbele, wakachimba chini ya mnara wa ncha ya pembetatu, wakauangusha. Ua wa kwanza ukaanguka. Kwenye ua wa kati walisaidiwa na kosa la John: jengo aliloliongeza ukutani, lenye kikanisa, lilikuwa na dirisha lisilolindwa vya kutosha. Askari mmoja aliyeitwa Bogis alipandishwa na wenzake akaingia humo. Masimulizi ya baadaye yanapenda kusema alipitia tundu la choo; Guillaume anataja dirisha. Kelele zao ziliwafanya walinzi wadhani wameingiliwa na kundi kubwa, wakayatia moto majengo, na moto huo huo ukawalazimisha wao wenyewe kukimbilia ngome ya ndani.

Huko nako mpango wa Richard ulikuwa na doa. Mbele ya lango, badala ya daraja la mbao linaloweza kuondolewa, palikuwa na daraja la mwamba lililoachwa wakati handaki linakatwa. Wachimbaji wa Philip walijikinga chini yake na kuutoboa msingi wa ukuta. Walinzi walichimba kutoka ndani ili kuwazuia, na ukuta, uliotobolewa pande zote mbili, ukapasuka ulipopigwa na mtambo mkubwa wa mawe. Tarehe 6 Machi 1204 walinzi waliobaki, wasiozidi mia mbili, walikamatwa. Hawakuwahi hata kujifungia ndani ya mnara mkuu.

Gharama ya kupoteza jabali, 1204–1259

Kilichofuata kilikwenda haraka. Falaise na Caen zilijisalimisha, na Rouen ikafungua milango tarehe 24 Juni 1204. Uhusiano wa miaka 138 kati ya Uingereza na Normandy ulikatika katika majira mamoja ya kuchipua. Familia zenye mashamba pande zote mbili za bahari zililazimika kuchagua mfalme mmoja na kuacha mali ya upande wa pili. Katika Normandy, visiwa kama Jersey na Guernsey pekee vilibaki na mfalme wa Uingereza, na hadi leo ni milki ya taji lake.

John alitumia miaka kumi kutafuta fedha za kurudi. Aliongeza kodi, akauza haki za urithi, akawatoza makabaila faini nzito. Washirika wake waliposhindwa huko Bouvines, Julai 1214, fedha zote hizo zilipotea bure. Juni 1215 makabaila wake walimlazimisha kuikubali Magna Carta, hati iliyomwekea mfalme mipaka ya kutoza na kufunga watu. Mwanawe, Henry III, aliachia rasmi madai ya Normandy mwaka 1259.

Gereza na kimbilio, 1314–1449

Mpaka ulipohama, ngome ilibaki ndani ya Ufaransa bila adui wa kumwangalia. Mwaka 1314 wake wawili wa wana wa mfalme, Marguerite na Blanche wa Burgundy, walifungwa humo kwa kosa la uzinzi. Marguerite alifia humo mwaka uliofuata. Kuanzia 1334 ilimhifadhi mfalme mtoto wa Uskoti, David II, aliyekimbia nchi yake.

Vita vya Miaka Mia viliirudishia kazi yake ya kwanza. Waingereza waliitwaa Desemba 1419 baada ya mzingiro mrefu, na inasimuliwa kwamba kilichowashinda walinzi ni kamba za kuvutia maji kisimani: zilikuwa zimelika zote. Wafaransa waliichukua, wakaipoteza tena, na hatimaye wakaipata moja kwa moja mwaka 1449.

Waliobomoa, 1591–1611

Mgeni anayeona mapengo makubwa ukutani hudhani ni alama za mitambo ya Philip. Sehemu kubwa si hivyo. Katika vita vya dini vya karne ya 16, kundi la Wakatoliki waliompinga Henry IV lilijifungia humo hadi 1591. Ngome ilikuwa tayari imechakaa, lakini ilikuwa bado ina uwezo wa kumsumbua mfalme. Mwaka 1598 wawakilishi wa Normandy waliomba ibomolewe ili isije ikawa maficho ya waasi au majambazi, na mwaka uliofuata Henry akakubali. Watawa Wakapuchini waliruhusiwa kuchukua mawe kwa ajili ya nyumba zao. Kazi ilisitishwa mwaka 1611, nusu ya ngome ikiwa imekwenda.

Katika karne ya 19 serikali ya Ufaransa iliyaweka magofu hayo katika orodha ya majengo ya kihistoria yanayolindwa. Leo mtu anaweza kutembea kwenye ua wa kwanza, kushuka ndani ya mahandaki, na kupita juu ya lile daraja la mwamba lililowasaidia wachimbaji. Mnara uliobaki ndio ule ule ambao haukutumika siku ya mwisho. Philip alipoishinda Château Gaillard aliitengeneza na kuiweka akiba, kwa kuwa alikuwa na jeshi la kuitumia. Henry IV, ambaye hakuwa na hakika nani angejifungia humo kesho, aliona ni salama zaidi kuwaachia watawa mawe yake.